Riwaya za mwisho wa dunia: mbona hakuna anayeuza maji?

Mwana_Mabanga (mleta uzi)

Wandugu, salamu kutoka Goma. Umeme umekatika tangu saa kumi na moja jioni, simu iko asilimia 31, kwa hiyo nitaandika mbiombio. Mkiona makosa mnisamehe.

Kuna muuza vitabu anayetandika turubai lake upande wa Birere. Mara nyingi ana vitabu vya dini na vitabu vya hesabu vilivyochakaa, lakini mwezi uliopita nikaokota kwake La Route, tafsiri ya Kifaransa ya riwaya ya Mmarekani Cormac McCarthy iliyotoka mwaka 2006. Alianza na franka elfu nane, tukamalizana kwa elfu tatu. Jalada limebanduka, kurasa zote zipo.

Kwa wasioijua: dunia imeungua na hatuambiwi imeunguzwa na nini. Majivu kila mahali, jua halionekani. Baba na mwanawe wanatembea kwa miguu kuelekea baharini, wanasukuma kitoroli cha supamaketi chenye blanketi na makopo ya chakula. Hawana majina. Wana bastola yenye risasi mbili. Kati ya watu waliobaki, wengi wanakula watu. Basi, hadithi ndiyo hiyo.

Kila niliyemwambia ninasoma kitabu hiki aliniuliza kama nimefika kwenye ile nyumba yenye chumba cha chini ya ardhi, ambamo watu wamefungiwa wakisubiri kuliwa. Nilifika. Nilisoma kwa tochi ya simu saa sita usiku, nikaogopa, sikatai. Halafu nikafunga kitabu nikalala fofofo. Mimi sili watu. Nilipita pale kama mtu anayepita nje ya mahakama akasikia kesi ya mtu mwingine.

Kilichoninyima usingizi kiko mbele zaidi, karibu na mwisho. Mwizi anawaibia kitoroli chao chote. Wanamfuata, wanamkamata, na baba, yule yule baba mwema tuliyemshangilia kitabu kizima, anamwamuru mwizi avue kila kitu. Nguo, viatu, vyote. Anavitia kwenye kitoroli, anamwacha mtu uchi barabarani kwenye baridi ile. Mtoto analia, anaomba. Baba anasema hakuwa na nia ya kumuua. Mtoto anamwambia kwamba wamekwisha kumuua.

Hapo nilizima tochi.

Sasa niwaambie kwa nini. Mnakumbuka Mei 2021. Jumamosi tarehe 22 jioni mlima wetu wa volkeno, Nyiragongo, ulipasuka, lava ikashuka ikaishia Buhene, mlangoni mwa mji. Tukasema tumepona. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka, usiku na mchana, siku baada ya siku, kuta zikapasuka, na Alhamisi tarehe 27 asubuhi ikatoka amri kwamba kartie (mitaa) kumi za mji zihame. Mabanga ilikuwamo. Wengine walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, wengine bandarini wapande boti za Bukavu. Sisi tulishika barabara ya Sake, kilometa kama ishirini na tano hivi, mimi, mke wangu, watoto watatu, na kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, niliyemkodi kwa bei ambayo siku nyingine ingelipa kodi ya nyumba wiki mbili.

Juu ya chukudu: godoro, sufuria mbili, gunia la nguo, na chini ya godoro bidoni mbili za njano za lita tano. Maji.

Tulipokaribia Mugunga, mwanamke mwenye mtoto mgongoni akatembea sambamba nasi. Mkononi alikuwa na kikombe cha plastiki cha kijani, kile cha kuchotea maji ya kuoga. Akasema, "Papa, unisaidie maji kidogo, ya mutoto." Nikamwambia, "Maman, imeisha."

Barabara pale ni mawe. Chukudu likaruka, na bidoni ikasema. Mnajua bidoni iliyo nusu inavyosema. Mwanamke akaangalia godoro, akaniangalia mimi, akasema "asante" na kupunguza mwendo mpaka tukampita.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Hakusema kitu. Tulipofika Sake jioni nikamimina maji, akasema, "Papa, si ulisema imeisha?" Nikamwambia anywe.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Ukatili wa kwenye riwaya hizi ni mkubwa mno, na ukubwa wake unatuachia sisi wasomaji njia ya kutorokea. Nikimaliza kitabu ninajiambia kwamba dunia ikiisha mimi nitakuwa upande wa wema, maana sitachinja mtu. Wakati dunia iliisha siku moja, Alhamisi, na nilichofanya nilikifanya kwa maneno mawili na sauti ya upole.

Jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi: mbona katika vitabu hivi hakuna anayeuza kitu? Wanaiba, wanaua, wanaokota makopo. Hakuna mama aliyeketi kando ya barabara na beseni. Kwetu hata lava haijapoa soko limefunguka. Nani mwingine ameliona hili?

Kaka_Kadutu (Bukavu)

Nimeliona zamani, mkuu, ila kwa upande wa umeme. Kuna riwaya ya Barjavel, Ravage, ya mwaka 1943. Hadithi iko mwaka 2052: siku moja umeme unatoweka duniani, na ndani ya siku chache Paris inawaka moto, watu wanauana kwa maji na mkate, kipindupindu kinaingia. Tuliisoma darasani sekondari. Tulipofika pale umeme unapozimika na watu wote wanachanganyikiwa, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akakasirika, akauliza tunachekea nini. Mmoja akajibu kutoka nyuma: "Bwana mwalimu, wangewasha kandili."

Kwetu umeme ukizima mtu anatoka nje kuuliza swali moja tu, kama ni avenyu nzima au ni kwake peke yake. Akiambiwa ni avenyu nzima anarudi ndani ametulia.

Utani kando, kitabu kile kinaudhi mwishoni. Yule shujaa anawafikisha wenzake kijijini, anakuwa mzee wa ukoo, anapiga marufuku mashine zote. Mwandishi anataka tuone huo ni uponyaji. Mimi niliona chifu mwingine tu.

Dodoma_Kwetu

Uzi mrefu huu, wakuu. Mwenye muhtasari?

Kaka_Kadutu

Baba mmoja alikuwa na maji.

Bibi_Sambaza (Goma)

Mwanangu Mwana_Mabanga, nimesoma yako yote na miwani. Miye si musomaji wa riwaya, ila ya soko uniachie.

Mwaka 2002 ile lava ilipita katikati ya mji, tarehe 17 Januari, ikakata mji vipande viwili ikaingia ziwani. Tulikimbia Gisenyi kama watu wote. Tulilala huko nje siku mbili, mvua, watoto wanakohoa. Siku ya tatu nikarudi. Watu walikuwa wanarudi tu, wanapita juu ya lava yenyewe, juu inaonekana jiwe jeusi lakini ukikaa mahali pamoja kandambili zinaanza kulainika. Nyumba yangu haikuwako. Hata alama haikuwako, nilitafuta muti wa avoka sikuuona.

Siku ya nne nilikuwa ninakaanga mandazi. Unga nilikopa kwa Muhaya mumoja wa Gisenyi, mafuta nilikopa, jiko nilipewa. Niliketi pembeni ya ile lava, ina joto, watoto wangu waliota hapo usiku. Watu walininunua mpaka beseni ikaisha saa mbili asubuhi.

Na miye nilipandisha bei. Andika hiyo pia. Ndazi moja nilipandisha mara mbili. Kuna wazee walisimama wakaangalia beseni wakaenda. Nilikuwa na watoto wanne na sina nyumba, lakini niliwaona wakienda. Ulizo lako nilijibu hivi: kwenye kitabu hawauzi kwa sababu aliyeandika alisahau kwamba muchuuzi hafi haraka.

Siku hizo hizo kuna kituo cha mafuta kililipuka, watu wengi waliungua wakiwa wanachota. Redio ilisema wezi. Mumoja wao alikuwa jirani yetu, fundi cherehani. Alienda na bidoni apate mafuta ya kuuza, anunue cherehani nyingine. Wezi, sawa.

Mwana_Mabanga

Bibi, shikamoo. Hiyo ya fundi cherehani ningeiona kwenye riwaya ningesema mwandishi amezidisha.

Nyota_ya_Kigoma

Naunga mkono hoja ya soko lakini sikubaliani na mleta uzi kujipiga kifua namna hii. Ulikuwa na watoto watatu na lita kumi. Lita kumi kwa watu watano, mwendo wa siku nzima, hujui Sake kuna nini. Hesabu haikuruhusu. Hata yule baba wa kwenye kitabu, angempa mwizi nafasi wangekufa yeye na mtoto wake. Msilinganishe kujilinda na ukatili.

Mwana_Mabanga

Nyota, hesabu hiyo niliifanya miaka mitatu. Kikombe kile kilikuwa kama nusu lita. Tulifika Sake na bidoni moja haijafunguliwa.

Na hata kama hesabu ingegoma, bado sikulazimika kusema imeisha. Ningeweza kusema "maji yapo lakini siwezi kukupa." Sijui kwa nini hilo ni gumu zaidi kutamka. Nafikiri ndiyo sababu baba yule anasema hakuwa na nia ya kuua. Mtu anatafuta sentensi ya kusimama juu yake.

Nyota_ya_Kigoma

Hapo umenikamata. Naendelea kufikiri.

Mtumishi_254

Ndugu zangu, someni Ufunuo wa Yohana, haya yote yalikwisha kuandikwa.

Kaka_Kadutu

Amina mtumishi. Na katika Ufunuo sura ya sita kuna kibaba cha ngano kwa dinari moja. Yohana hakusahau soko.

Mtumishi_254

😂 Haya, hiyo sikuitegemea. Barikiwa.

Wa_Masisi

Ninasoma uzi huu nikiwa kambini Bulengo, hema ya turubai, kwa hiyo nitasema machache kisha niwaache.

Mnazungumza kana kwamba njaa ndiyo inayomgeuza mtu mnyama. Vitabu vyenu pia vinasema hivyo, nimeelewa. Chakula kinaisha, sheria inaisha, mtu anabaki na meno.

Waliokuja kijijini kwetu hawakuwa na njaa. Mmoja alikuwa anatafuna karanga muda wote. Walikuwa na simu, walikuwa na mkubwa wao waliyempigia, walisubiri jibu lake, wengine walikaa kwenye kivuli wakivuta sigara. Na mmoja alikuwa na kaye, daftari. Kaye ya mwanafunzi, yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Aliandika jina la kila mwenye nyumba, mbuzi wangapi, mabati mangapi. Aliniuliza tahajia ya jina la baba yangu ili asikosee.

Mengine siandiki.

Wenye njaa niliwaona baadaye, njiani, na wale walikuwa wananigawia mihogo.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Nimekaa na posti ya Wa_Masisi dakika kumi bila kujua nianzeje. Pole sana, mzee. Ninaanza na pole.

Nilikuja hapa kubishana na mleta uzi, nitabishana naye bado, lakini kaye hiyo imenikumbusha kitu. José Saramago, Mreno, aliandika mwaka 1995 riwaya ambayo kwa Kifaransa inaitwa L'Aveuglement. Mji mzima unapatwa na upofu mweupe, wa kwanza wanafungiwa kwenye hospitali ya zamani ya wendawazimu, wanajeshi wanalinda nje. Ndani linatokea genge lenye bastola moja, linateka chakula chote. Kwanza linataka saa na pete na hela. Vitu vikiisha linataka wanawake. Watu wote wanakumbuka hilo la wanawake, na ni haki kulikumbuka.

Ila ndani ya genge kuna mtu mmoja aliyekuwa kipofu tangu kuzaliwa. Wengine wote wanapapasa kuta, yeye amezoea giza, na anajua kuandika kwa nukta za vipofu. Basi amewekwa kuwa karani. Pete ikiletwa anaiandika. Nilisoma kitabu kile Kasapa nikiwa mwanafunzi na yule karani nilimwona kama chumvi tu ya hadithi. Leo nimemwona upya.

Sasa ubishi wangu. Mwana_Mabanga, unasema ukatili mkubwa wa vitabuni unatupa njia ya kutoroka. Sawa kwako, ulikuwa na bidoni. Lakini kuna msomaji ambaye yule wa chumba cha chini si hadithi ya mtu mwingine. Ukisema mwandishi aandike tu ukatili mdogo wa "imeisha," unamwambia mtu kama mzee wetu hapo juu kwamba yaliyompata ni makubwa mno kuingia kitabuni. Nani amesema riwaya ni ya kumchoma dhamiri mtu aliyelala salama? Huenda ni ya kumwambia mwingine, nimekuamini.

Mwana_Mabanga

Mwana_Katuba, nimepokea. Sina la kupinga katika hilo la mwisho. Nilikuwa ninajisemea mimi, nikaandika "sisi."

Lakini bado ninashikilia nusu ya hoja. Ona tofauti kati ya kitabu ulichotuwekea mezani na hiki changu. Wa Saramago ana karani, ana mlinzi, ana mgao wa chakula, kuna mpango. Ukatili una ofisi. Ndiyo maana unafanana na kaye ya Masisi. Kwenye La Route wanaokula watu wanatembea kwa makundi barabarani, lakini hatujui nani anawaamuru, wanalipana vipi, nani anaandika. Wanatoka kwenye majivu kama fisi. Mimi hapo ndipo siamini. Sijawahi kuona ubaya wa aina hiyo usio na mkubwa wa kupigiwa simu.

Ninachoamini kwenye kitabu kile ni baba na mwana tu. Hao nimewahi kuwaona. Mmoja nilimwona kwenye kioo.

Mama_Kikombe

Naomba niingie. Jina langu hapa halihusiani na kikombe cha uzi huu, nililitumia tangu zamani kwa sababu nauza chai.

Nina swali kwa mleta uzi. Yule mwizi waliyemvua nguo, baba na mtoto walimrudia?

Mwana_Mabanga

Walirudi. Mtoto alilia mpaka baba akageuza njia. Walifika mahali, wakaita, hakuna aliyejibu, giza likaingia. Baba akaweka nguo na viatu barabarani, akaviwekea jiwe juu visipeperuke. Hatuambiwi kama yule mtu alivipata.

Mama_Kikombe

Na wewe?

Mwana_Mabanga

Tulirudi Goma mwanzoni mwa Juni, kwa lori. Pale karibu na Mugunga nilikuwa upande usiofaa, nyuma ya magunia ya makaa, sikuona barabara. Hiyo ni kweli na pia ni kisingizio. Ningesimamisha lori niseme nini?

Binti yuko mwaka wa nne wa primeri sasa. Juzi mgeni alikuja kuomba maji ya kunywa, fundi aliyekuwa anatengeneza ukuta kwa jirani. Binti alimletea kopo limejaa hadi ukingoni, anatembea polepole lisimwagike, kisha akasimama pale pale akimwangalia mpaka amalize. Sikumuuliza kitu.

Bibi_Sambaza

Watoto hawasahau. Wangu mukubwa mpaka leo hali mandazi.

Nyota_ya_Kigoma

Nimefikiri, nimerudi. Jibu langu la mwanzo lilikuwa la mtu ambaye hajawahi kuhama kwake. Sisi Kigoma tumepokea waliohama tangu nikiwa mtoto, na hapa pia kulikuwa na wa kufungua mlango na wa kuzima taa wajifanye wamelala. Nyumba yetu ilizima taa mara moja. Nilikuwa mdogo, niliambiwa nisikohoe.

Wakuu, kwa wanaotaka ya Kiswahili: Mzingile ya Euphrase Kezilahabi, 1991. Ni nyembamba lakini haisomeki kwa usiku mmoja, mimi ilinichukua wiki tatu na bado sehemu nyingine sijazifungua. Dunia imeharibika mle ndani, na hamtakuta wanaokula watu.

Dodoma_Kwetu

Nimesoma uzi wote kumbe. Nilichelewa kazini.

Wa_Masisi

Mwana_Mabanga, hicho kitabu unakopesha?

Mwana_Mabanga

Ninakopesha, mzee. Ila ni kizito, nisije nikakuletea maumivu juu ya maumivu. Na jalada lake limetoka.

Wa_Masisi

Maumivu niachie mwenyewe. Hapa siku ni ndefu, na Kifaransa changu kikikwama kuna mwalimu hema ya nne, alikuwa anafundisha fasihi kabla hatujakimbia. Ninataka kuona huyo baba.

Mwana_Mabanga

Basi Jumapili baada ya misa nitakuja. Nitakujuaje?

Wa_Masisi

Njoo kabla ya saa sita. Tanki linafunguliwa saa sita, na mstari tunaushika mapema, utanikuta hapo. Bidoni yangu ni ya njano kama za wote, ila nimeifunga kitambaa chekundu mkononi mwake ili isibebwe.

Mwana_Mabanga

Nitakuja saa tano. Simu iko asilimia 4, usiku mwema wote.